Kivu Kusini: Miti hadi Hombo, raha ya barabara inayobebwa na msitu

Kila shofere anayetoka Bukavu kwenda Bunyakiri ao Walikale anajua mahali safari yake inapobadilika sura. Ni pale Miti, wilayani Kabare, kilometa zisizofika 30 kutoka mjini. Mpaka hapo lami imemsindikiza. Amepita soko la Mudaka na wamama wenye vikapu mgongoni, huku ziwa Kivu likijitokeza na kujificha upande wa kuume. Barabara ya taifa namba 2 inaendelea mbele kuelekea Kavumu, Kalehe na Goma. Namba 3, ile ambayo kwenye ramani inafika hadi Kisangani, inakata kushoto na kuanza kupanda juu ya udongo.

Kwa mtu anayetazama hali ya njia tu, hii si barabara ya kusifiwa. Ni udongo, mawe na mashimo, na mvua ikinyesha inakuwa kama sabuni. Hata hivyo, kati ya njia zinazotoka Bukavu ni vigumu kupata nyingine inayompa mtu wa volani raha kama hii. Kwa kilometa zipatazo 18 inapita katikati ya msitu wa mlima, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, na msitu huo ndio unaoipa uzuri wake wote.

Vitesi ya pili, klaksoni na ukungu

Baada ya Miti, njia inapanda kati ya migomba, maharage na mihogo, na hapa na pale miti ya kinkina, ile ambayo ganda lake linatoa kinini. Nyumba zinapungua, hewa inakuwa baridi, na konvuayeri aliyeketi juu ya mizigo anatafuta koti lake. Kisha wanafika Tshivanga, ambapo walinzi wa ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi za Kongo, wana makao yao. Kuanzia hapo mashamba yanakatika kama kwa kisu. Nyuma kuna mihogo, mbele kuna ukuta wa majani.

Maji ya ziwa Kivu yako kwenye mwinuko wa mita 1,460 hivi. Hapa msituni njia imekwisha kupita mita 2,000, na juu yake kuna vilele viwili vilivyoipa hifadhi jina lake: Kahuzi wenye mita 3,308 na Biega wenye mita 2,790. Ikweta si mbali, lakini asubuhi mtu anatetemeka. Ukungu unalala juu ya barabara na kukataa kuondoka, na taa za magari zinabaki zimewashwa wakati Bukavu jua limekwisha kupanda.

Hapa haraka haina kazi. Shofere anarudi vitesi ya pili, mara nyingine ya kwanza, na kuacha moteri ivute polepole. Kabla ya kila kona anapiga klaksoni, kwa sababu kona haionyeshi kinachokuja. Labda ni pikipiki yenye watu watatu na mbuzi, labda ni Fuso iliyojaa ndizi kupita urefu wa kabine. Magari makubwa mawili yakikutana mahali pembamba, anayeshuka anasimama na kumpisha anayepanda, maana anayepanda na mzigo akisimama, kuondoka tena ni taabu. Konvuayeri anaruka chini na kipande cha mti, anakiweka nyuma ya gurudumu, anaongoza kwa mkono: kidogo, kidogo, simama. Mabati yanapita karibu kugusana. Mashofere wanasalimiana kupitia dirishani na kuulizana habari za mbele: matope yako wapi, daraja liko namna gani, mvua imenyesha tangu lini. Habari hizo zina faida kuliko simu, kwa sababu rezo imekwisha kukatika.

Rezo ikiwa imekatika na mwendo ukiwa mdogo, raha inaanza. Kioo kinashushwa, na harufu ya majani yaliyolowa inaingia ndani ya gari. Mianzi inainama pande zote mbili mpaka njia inafanana na mlango mrefu wa kijani. Miti mikubwa imeota ndevu za kijivu zinazoning'inia toka kwenye matawi. Katika mabonde yenye maji kumesimama mimea inayofanana na mitende midogo, yenye majani yaliyochanika kama manyoya ya ndege. Moteri ikizimwa kidogo ili ipoe, ndege wanasikika, na chini kabisa, mahali jicho halifiki, kijito kinasikika pia. Bahati ikiwepo, kima wanavuka juu ya barabara toka tawi hadi tawi, mmoja baada ya mwingine, na mdogo kabisa anasita kabla ya kuruka.

Gorila si mnyama wa kuonekana barabarani kila siku. Yeye anakaa ndani zaidi, na wakati wa mvua, machipukizi ya mianzi yanapotoka ardhini, ndiyo anayoyafuata. Lakini kujua tu kwamba yuko pale, nyuma ya majani yale yale yanayogusa kioo cha gari, kunabadilisha namna mtu anavyopita. Hata abiria wenye maneno mengi wananyamaza kidogo.

Kutoka baridi hadi joto kwa safari moja

Njia ikimaliza kupanda, inaanza kushuka kuelekea magharibi. Mtu asiyeijua anaweza kufikiri kwamba kazi imekwisha. Anayeijua anajua kwamba kushuka kunahitaji akili kuliko kupanda. Gari lenye mzigo halishuki kwa freni peke yake, maana freni zikipata moto zinaacha kushika. Shofere mzuri anashuka na vitesi ile ile ambayo angetumia kupandia, na moteri yenyewe inazuia gari.

Makoti yanavuliwa moja baada ya jingine. Mianzi inabaki nyuma, miti inakuwa mirefu na yenye majani mapana, hewa inakuwa nzito na ya joto. Kisha msitu unafunguka na mashamba yanarudi, lakini si mashamba ya Kabare. Hapa ni Bunyakiri, wilayani Kalehe, inchi ya Watembo. Minazi haipo, lakini ngazi ziko kila mahali, pamoja na mafuta yake mekundu ndani ya mabidoni, ndizi, mihogo na karanga. Mashi iliyosikika sokoni Mudaka imekwisha kuwa Kitembo, na Kiswahili kinaunganisha wote. Mbele zaidi ni Hombo, mahali Kivu Kusini inapoachana na Kivu Kaskazini, kisha njia inaingia Walikale na msitu mkubwa wa tambarare.

Ni barabara chache zinazomwonyesha msafiri mabadiliko makubwa namna hii bila kumtoa ndani ya jimbo moja. Hifadhi yenyewe inaanza kwenye mita 600 upande wa magharibi na kufika kwenye kilele cha Kahuzi, na ni kwa sababu hiyo wataalamu wanaiona kuwa ya pekee: msitu wa mlima na msitu wa tambarare vimeshikamana.

Maji yanasimulia hadithi hiyo hiyo. Mvua inayonyesha upande wa mashariki wa mlima inateremka hadi ziwa Kivu, inatoka kwa mto Ruzizi, inaingia ziwa Tanganyika, kisha inapita mto Lukuga hadi Lualaba. Mvua inayonyesha upande wa magharibi inashuka kwa mto Lowa, nayo inaingia Lualaba. Matone mawili yaliyoanguka karibu karibu juu ya barabara yanaachana, yanazunguka kila moja kwa njia yake, na kukutana tena katika mto mmoja mkubwa.

Hifadhi ilipozaliwa, na waliotolewa

Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, kwa juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver, aliyejulikana kwa kuzoesha gorila kuwaona watu bila kukimbia. Wakati ule ilikuwa na hekta 60,000, sehemu ya mlima tu. Mwaka 1975 ilipanuliwa hadi tambarare na kufika hekta 600,000. Mwaka 1980 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa dunia. Gorila wanaoishi humo, wa aina inayoitwa Grauer, hawapatikani mahali pengine duniani isipokuwa mashariki ya Kongo.

Lakini uzuri ambao msafiri anauona kutoka dirishani una historia nyingine pia. Wambuti na Watwa waliishi ndani ya msitu huu tangu zamani. Hifadhi ilipoanzishwa na kupanuliwa, walitolewa bila kupewa ardhi nyingine ya kutosha, na wengi wakabaki pembeni ya mashamba ya watu wengine, maskini kuliko majirani zao wote. Kuanzia mwaka 2018 baadhi yao walirudi msituni kwa nguvu, na mapigano na walinzi wa hifadhi yalileta vifo. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, uliosema kwamba Kongo ilivunja haki za Watwa wa Kahuzi-Biega. Basi anayepita na kusema kwamba msitu huu hauna mtu, akumbuke kwamba hauna mtu kwa sababu watu waliondolewa.

Vita pia vimepita katika barabara hii

Tangu mwaka 1994, wakati mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walipoingia Kivu, njia ya Kahuzi imekuwa njia ya watu wanaokimbia na ya watu wenye silaha. Mwaka 1997 UNESCO iliiweka hifadhi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kuhesabu kwa gorila wa sehemu ya mlima kunaonyesha hasara: mwaka 1990 walikuwa karibu 260, na mwaka 2000 walibaki karibu 130. Tembo wa sehemu ya mlima waliuawa karibu wote. Barabara iliyokuwa ikipitisha magari ya watalii ikapitisha pembe, koltani, mbao na makala.

Mwezi wa pili wa mwaka 2025 vita vilifika Kavumu na Bukavu. Kwa wakaaji, swali la kwanza juu ya barabara halikuwa tena matope. Likawa: nani anashika njia leo, na bariera ziko ngapi? Kila bariera ina bei yake, na bei hiyo inaishia kwenye bidoni la mafuta ya ngazi na kwenye mkungu wa ndizi ambao mama wa Bukavu anaununua. Njia ikifungwa, mkulima wa Bunyakiri anaona mavuno yake yakioza, na mji unalipa zaidi kwa kidogo kinachofika. Raha ya kupita Kahuzi haiwezi kutengwa na amani: shofere anayeogopa kona inayofuata hawezi kuangalia miti.

Lami ao msitu?

Wazo la kutengeneza namba 3 ili Bukavu ifike Kisangani kwa gari bila taabu ni la zamani. Vipande vingine vimewahi kupata lami. Karibu na Walikale, pale Kilambo, kipande cha lami kilikuwa kizuri mpaka ndege ndogo zikakifanya uwanja, zikitua barabarani kubeba kasiterite iliyochimbwa Bisie. Lakini kipande kinachopita hifadhini kimebaki na ubishi wake.

Wanaoomba lami wana sababu. Mgonjwa anayetoka Bunyakiri kwenda hospitali za Bukavu hawezi kungoja matope yakauke. Mkulima anayelipwa kidogo kwa mazao yake kwa sababu gari linavunjika njiani hana faida na uzuri wa mianzi. Wanaoogopa lami nao wana sababu. Mahali pengi katika msitu wa Kongo, barabara nzuri imefuatwa na shoka, nyumba, mashamba na tanuri za makala. Mwendo ukiongezeka, wanyama wanaovuka wanagongwa, na msitu unakatika vipande viwili ambavyo familia za wanyama haziwezi tena kuvuka kwa amani. Bukavu yenyewe inapika kwa makala, na kila gunia lina mti nyuma yake.

Jambo moja linasahauliwa mara nyingi katika ubishi huo: ni msitu unaoibeba barabara. Katika milima yenye mteremko mkali na mvua nyingi, mizizi ndiyo inayoshika udongo. Majani yanapokea mvua na kuipunguza nguvu, udongo uliojaa mizizi unainywa na kuiachilia polepole. Kata miti juu ya njia, na maji yote yatateremka kwa wakati mmoja, yakibeba mawe na matope, na mlima utaanguka juu ya barabara. Wakaaji wa Bukavu hawahitaji profesa wa kuwafundisha hilo. Wameona nyumba zikishuka na mlima baada ya mvua moja ya usiku. Lami iliyowekwa chini ya mlima mtupu inakatika sawasawa na udongo. Tofauti ni kwamba iligharimu zaidi.

Ni kweli pia kwamba kivuli cha msitu kinachelewesha matope kukauka. Lakini dawa ya matope si kukata kivuli. Dawa ni kuondoa maji barabarani. Wazee wanakumbuka wakati wa kantonye, wale wafanyakazi wa njia waliokuwa na majembe na kipande chao cha barabara cha kulinda. Kazi yao ilionekana ndogo: kufungua mifereji, kuondoa majani kwenye mabomba yanayopitisha maji chini ya njia, kujaza shimo wakati bado ni dogo. Shimo lisilozibwa leo linapokea maji, gurudumu linalipanua, na baada ya majira moja ya mvua Fuso inalala ndani yake siku mbili. Kazi ya kantonye haihitaji kupanua njia wala kuangusha mti hata mmoja, na inaweza kutoa mshahara kwa vijana wa Miti, Kalonge na Bunyakiri, wakiwemo vijana wa Watwa wanaoujua msitu huo kuliko mtu yeyote.

Kupita kama mgeni

Kwa upande wa anayesafiri, adabu ya njia hii ni rahisi, na mashofere wazuri wanaifuata bila kuandikiwa. Anatoka mapema, ili msitu asiuvuke usiku. Anauliza habari za usalama kabla ya kuondoka, kwa watu waliofika jana yake, si kwa waliosikia tu. Anaangalia freni na magurudumu akiwa Miti, mahali fundi anapatikana, si juu ya mlima. Ndani ya hifadhi hawashi moto, hakati tawi, hatupi mfuko wa plastiki dirishani, na hanunui nyama ya pori inayoning'inizwa kando ya njia, hata kama bei inavutia. Akikutana na wanyama barabarani anasimama na kuzima klaksoni. Watapita, wao hawana haraka, na yeye kwa vitesi ya pili hakuwa na haraka pia.

Ndani ya Fuso moja inayopanda toka Bunyakiri kuna mama mwenye mabidoni manne ya mafuta, mwanafunzi anayerudi masomoni Bukavu, mgonjwa aliyefunikwa blanketi na konvuayeri aliyelowa mvua. Hakuna kati yao aliyepanda gari ili kuona mandhari. Lakini ikifika pale juu, ukungu unapopasuka na kilele cha Kahuzi kuonekana chote kwa dakika chache, vichwa vyote vinageuka upande mmoja. Raha hiyo hailipiwi tiketi. Itabaki kwa watoto wao kama njia itakuwa na amani, mifereji itakuwa wazi, na miti itakuwa bado imesimama juu ya barabara.